Mazungumzo na Bwana Shamba: Picha ya Angani Hailindi Msitu



Mwezi huu tuzungumze juu ya msitu. Safari hii hatutautazama tukiwa tumesimama chini ya mti. Tutautazama kutoka juu sana, mahali ambapo hata ndege za abiria hazifiki.

Siku hizi wataalamu wakija kijijini kupanga matumizi ya ardhi, huja na karatasi kubwa zenye rangi nyingi. Huzitandika mezani na kusema, "Hiki ndicho kijiji chenu." Watu wengine hucheka. Wengine huogopa. Wengine hunyamaza, kisha hutia sahihi mambo wasiyoyaelewa. Hili la tatu ndilo baya kuliko yote.

Mtu aliyejifunza kusoma hakubali kutia sahihi barua asiyoielewa. Ramani nayo ni barua. Picha ya ardhi ni barua. Inazungumza juu ya shamba lako, malisho ya ng'ombe wako na chemchemi unayochota maji. Basi tujifunze kuzisoma.

SETILAITI NI NINI?

Setilaiti ni chombo kilichorushwa na watu kwenda juu ili kiizunguke dunia. Hakina rubani. Ziko setilaiti za kupeleka sauti za redio na picha za televisheni. Ziko za kuchunguza mvua na upepo. Na ziko ambazo kazi yake ni kupiga picha za ardhi.

Setilaiti ya kwanza ya jamii ya Landsat ilirushwa na Marekani tarehe 23 Julai 1972. Tangu siku hiyo zimerushwa nyingine, moja baada ya nyingine. Landsat ya 9 ilirushwa mwaka 2021. Landsat ya 8 na ya 9 huruka juu yetu umbali wa kilometa 705 hivi. Ni mbali kuliko kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma, tena kwa kwenda juu!

Kila moja hurudi juu ya mahali palepale baada ya siku 16. Kwa kuwa ziko mbili na hupishana, mahali hapo hupigwa picha kila baada ya siku 8. Nchi za Ulaya nazo zina setilaiti zao ziitwazo Sentinel-2. Ya kwanza ilirushwa mwaka 2015.

Tangu mwaka 2008 picha za Landsat hutolewa bure. Za Sentinel-2 nazo ni bure. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba picha hizo ni siri, au kwamba kijiji hakiwezi kuzipata. Ni haki yenu kuziomba wilayani.

PICHA ILIYOFUMWA KAMA MKEKA

Chukua mkeka uutazame kwa karibu. Utaona vipande vidogo vidogo vya ukindu. Usogeze mbali. Sasa huoni vipande, unaona maua na mistari.

Picha ya setilaiti ni hivyo hivyo. Imefanywa kwa vipande vidogo vya mraba. Kila mraba una rangi moja tu. Katika picha za Landsat za siku hizi, mraba mmoja ni mahali penye urefu wa meta 30 na upana wa meta 30. Ukipima kwa miguu ni kama hatua 40 kila upande.

Eka moja ina miraba minne na nusu hivi. Kwa hiyo mti mmoja ukikatwa, picha hii haitauonyesha. Tanuru moja ya mkaa huenda isionekane. Lakini mtu akifyeka eka 2 za msitu, ni miraba 9. Hiyo itaonekana.

Picha za Sentinel-2 zina miraba midogo zaidi, ya meta 10 kwa meta 10. Hapo eka moja ina miraba 40 hivi. Mraba ukiwa mdogo, picha husema mambo mengi zaidi.

RANGI ZINA MAANA GANI?

Jua linatoa mwanga wa aina nyingi. Mwingine macho ya binadamu huuona. Mwingine hatuuoni kabisa. Majani mabichi yenye afya huurudisha juu kwa wingi mwanga mmoja ambao sisi hatuuoni. Setilaiti huuona. Ndiyo maana inaweza kutofautisha msitu na ardhi tupu.

Wataalamu wakichapa picha hiyo, mara nyingi huupa mwanga huo rangi nyekundu ili nasi tuuone. Kwa hiyo katika picha nyingine msitu mzito ni mwekundu. Usishtuke ukadhani ni moto. Na usione haya kuuliza. Swali la kwanza mbele ya picha yoyote ni hili: "Rangi hii maana yake nini?" Mtaalamu mwema atafurahi kukujibu. Asiyetaka kukujibu, msitie sahihi karatasi yake.

MFANO WA KIGOMA

Sasa tutazame mfano wa kweli kutoka nchini kwetu.

Kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji wa Kigoma, iko Hifadhi ya Taifa ya Gombe. Ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1968. Ni hifadhi ndogo, lakini inajulikana dunia nzima kwa sababu ya sokwe. Jane Goodall kutoka Uingereza alianza kuwachunguza sokwe hao Julai 1960. Alifariki Oktoba 2025.

Wataalamu walichukua picha ya Landsat ya mwaka 1972 na nyingine ya mwaka 1999. Wakaziweka pamoja. Picha ya 1972 ilionyesha miti ndani ya hifadhi na pia katika vilima vingi vya nje. Picha ya 1999 ilionyesha jambo jingine. Ndani ya hifadhi miti bado ilikuwapo. Nje, vilima vingi vilikuwa vitupu. Mpaka wa hifadhi ulionekana wazi kama mshono wa nguo.

Miti ilikwenda wapi? Watu waliongezeka, pamoja na wakimbizi waliokimbia vita katika nchi jirani. Mashamba yalipanda juu kwenye miteremko mikali. Kuni na mkaa vilihitajika. Michikichi ilipandwa. Wale hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wakitafuta chakula na riziki kama wewe na mimi. Lakini udongo wa mlimani usio na miti hauna wa kuushika. Mvua ikija unateremka ziwani.

Mwaka 1994 Taasisi ya Jane Goodall ilianza kazi na vijiji hivyo. Wanakijiji walipoulizwa shida zao, hawakuanza na sokwe. Walitaja kilimo bora, afya na elimu ya watoto. Kazi ikaanzia hapo.

Baadaye zililetwa picha za setilaiti nyingine zenye miraba midogo sana, hata ya meta moja. Katika picha hizo nyumba na njia za miguu huonekana. Wanakijiji wakaketi wakazisoma wenyewe. Wakaonyesha mito, mashamba, mipaka na mahali pa makaburi. Kutokana na picha hizo na maneno yao, ramani za matumizi ya ardhi zikachorwa. Hadi mwaka 2009 vijiji 13 vilikuwa vimemaliza mipango yake, na vilikuwa vimetenga hekta 9,690 za ardhi yao kuwa misitu ya hifadhi ya vijiji. Hiyo ni zaidi ya robo ya ardhi yote ya vijiji hivyo.

Je, miti ilirudi? Katika baadhi ya vilima, picha za miaka ya karibuni zimeonyesha miti ikirudi. Sehemu kubwa haikupandwa na mtu. Ilichipua kutoka kwenye visiki vilivyokuwa hai bado chini ya majani. Kilichohitajika ni kuviacha vipumzike, bila shoka na bila moto.

Angalieni vizuri mfano huu. Picha ya 1999 haikupanda mti hata mmoja. Ilionyesha tu. Waliorudisha miti ni watu walioitazama picha, wakakubaliana, kisha wakayashika makubaliano yao.

PICHA HUWEZA KUPOTOSHA

Yako mambo matano yanayompotosha msomaji wa picha. Yashike sana, maana huenda siku moja yakamwokoa jirani yako asionewe.

Jambo la kwanza ni majira. Msitu wa miombo hupukutisha majani wakati wa kiangazi. Ukichukua picha ya Mei mwaka huu na picha ya Septemba mwaka ujao, utasema msitu umekwisha. Kumbe miti ipo, imevua majani tu. Linganisha mwezi kwa mwezi: Mei na Mei, au Septemba na Septemba.

Jambo la pili ni mawingu. Wingu huificha ardhi, na kivuli chake huonekana kama doa jeusi. Sehemu za milimani zenye mvua nyingi hupata taabu hii mara kwa mara.

Jambo la tatu: si kila kijani ni msitu. Michikichi, mikorosho, migomba na mashamba ya misonobari huweza kuonekana kama msitu. Huenda msitu wa asili umefyekwa na michikichi imepandwa, na picha ikaonyesha kijani kilekile.

Jambo la nne: si kila weusi au uwazi ni uharibifu. Moto wa nyasi huacha doa jeusi linalofutika mvua zikinyesha. Shamba lililopumzishwa miaka mingi huota vichaka. Mwenyewe akirudi kulilima, picha husema, "Msitu umefyekwa hapa." Kumbe ni shamba la babu yake.

Jambo la tano ni la hatari zaidi. Wezi wa magogo huingia msituni, wakakata mninga mmoja hapa, mpingo mmoja pale, na kuacha miti mingine. Kutoka juu msitu huonekana mzima. Chini, miti yote ya thamani imekwisha. Ni kama debe la mahindi lililoliwa na dumuzi. Kwa nje punje ni nzima, ndani ni unga mtupu.

Kwa hiyo picha ni shahidi mmoja. Shahidi wa pili ni miguu yenu. Msimhukumu mtu kwa picha peke yake, wala msimwache mwizi kwa sababu picha haikumwona.

KIJIJI KIFANYE NINI?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 imeipa Halmashauri ya Kijiji kazi ya kusimamia ardhi ya kijiji kwa niaba ya wanakijiji wote. Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kuwa na msitu wake wa hifadhi. Basi fuateni hatua hizi.

1. Mwombeni Afisa Misitu wa Wilaya picha mbili za kijiji chenu. Moja iwe ya zamani, kwa mfano ya miaka 10 iliyopita. Nyingine iwe ya karibuni. Zote ziwe za mwezi mmoja.

2. Zitundikeni mahali pa wazi kabla ya Mkutano Mkuu wa Kijiji. Zikae siku kadhaa, watu wazizoee.

3. Anzeni na vitu mnavyovijua. Tafuteni mto, barabara, shule, bwawa. Ukishaiona shule yenu, karatasi haitakuwa ngeni tena.

4. Waiteni wote. Akina mama wanajua kuni zilikuwa wapi zamani na sasa ziko wapi. Wafugaji wanajua malisho. Wachoma mkaa nao waitwe. Wanaujua msitu kuliko wengi wetu, na mpango utakaofanywa bila wao watauvunja usiku.

5. Wekeni alama mahali palipobadilika.

6. Nendeni mkaone kwa miguu. Kamati ya Maliasili ifike kila mahali penye alama na kuandika: tarehe, mahali, kilichoonekana, na sababu. Kama yupo kijana mwenye simu inayoonyesha mahali, aandike namba zake. Huko Kigoma walinzi wa misitu waliochaguliwa na vijiji hutumia simu za namna hiyo.

7. Rudini mkutanoni. Uamuzi uandikwe katika muhtasari na usomwe kwa sauti.

8. Fanyeni hivyo tena kila mwaka, mwezi uleule.

TUPIGE HESABU

Tuseme picha ya zamani inaonyesha msitu wa kijiji una miraba 400. Picha mpya inaonyesha miraba 310. Kila mraba ni meta 30 kwa meta 30.

Miraba iliyopungua: 400 – 310 = 90.
Ukubwa wa mraba mmoja: 30 × 30 = meta za mraba 900.
Msitu uliopungua: 90 × 900 = meta za mraba 81,000.

Hekta moja ni meta za mraba 10,000. Kwa hiyo msitu umepungua kwa hekta 8 na kidogo, yaani eka 20.

Sasa mnajua. Mtu akisema, "Msitu umepungua kidogo tu," mwambieni: eka 20. Na akija mwingine akisema, "Mmemaliza msitu wote," mwambieni naye: eka 20.

KWA NINI TUJISUMBUE?

Wazee wanaikumbuka kampeni ya Misitu ni Mali ya mwaka 1980. Maneno yale ni ya kweli hadi leo.

Serikali ilifanya hesabu kubwa ya misitu ya Tanzania Bara na kutoa taarifa yake mwaka 2015. Ilionekana kwamba tuna hekta milioni 48.1 za misitu, zaidi ya nusu ya nchi kavu. Ni utajiri mkubwa. Lakini wataalamu walipolinganisha picha za setilaiti za mwaka 2002 na 2013, walikuta kwamba kila mwaka tulikuwa tukipoteza wastani wa hekta 469,420. Hizo ni zaidi ya eka milioni 1 kila mwaka. Mali ya namna hiyo, kubwa kiasi gani, haiwezi kudumu ikiliwa hivyo.

Iko sababu nyingine. Siku hizi vipo vijiji vinavyolipwa fedha kwa kutunza misitu, kwa kuwa miti huihifadhi kaboni isipande hewani. Vijiji vya Bonde la Yaeda mkoani Manyara na vijiji vya Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi vimekwisha kupata malipo hayo. Vimeyatumia kwa mambo kama shule na afya. Kabla ya kulipa, wanunuzi hutaka kujua msitu upo au umepungua. Hujua kwa nini? Kwa picha za setilaiti na kwa watu wanaotembea msituni.

Hapo ndipo elimu yako itakapokulipa. Mkulima wa pamba asiyejua kusoma mizani hupunjwa. Kijiji kisichojua kusoma ramani kitapunjwa vilevile. Mpaka utasogezwa kwa kalamu na hakuna atakayeona. Hesabu ya hekta itapunguzwa na hakuna atakayeuliza. Au malisho ya wafugaji yatapakwa rangi ya msitu wa hifadhi, na wao watajua siku watakapokamatwa.

Kwa hiyo msiwaachie kazi hii mwenyekiti na mtendaji peke yao. Kila kundi la kisomo liombe nakala ya ramani ya kijiji. Siku moja kwa juma, someni ramani badala ya kitabu. Mtafute nyumba zenu. Mpime kwa uzi toka shuleni hadi kisimani. Katika ramani nyingi za nchi yetu sentimeta moja ni meta 500 za ardhi. Kisha mtembee, mwone kama ni kweli.

Setilaiti itapita tena juu ya kijiji chenu kabla ya siku 8 kwisha. Itapiga picha, msitu uwepo au usiwepo. Haitamzuia mwenye shoka. Haitazima moto. Kazi hiyo ni yenu.

MANENO YA KUKUMBUKA

Setilaiti: chombo kinachoizunguka dunia kutoka juu sana.
Mraba: umbo lenye pande nne zilizo sawa.
Kupukutisha: kuangusha majani.
Hekta: eneo la meta za mraba 10,000, karibu eka 2 na nusu.
Kaboni: kitu kilichomo katika mti, mkaa na moshi.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Kwa nini tulinganishe picha za mwezi mmoja?
2. Taja vitu viwili vya kijani kijijini kwenu ambavyo si msitu.
3. Wezi wa magogo wanaweza kuonekana katika picha ya setilaiti? Kama hapana, mtawajuaje?
4. Msitu wa kijiji umepungua miraba 45 ya meta 30 kwa meta 30. Ni eka ngapi?
5. Chemchemi zenu zilikuwa ngapi miaka 20 iliyopita? Sasa ni ngapi? Juu yake pana nini?

Jibu la swali la nne ni eka 10. La tano mnalijua ninyi wenyewe. Liandikeni, mlipeleke kwenye Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Ni mimi,
Bwana Shamba wenu